Mpaka wa Mji Ulipofika Karima

Karima, Sirikwet
14 Januari 2025

Kwa binti yangu Wangare, ambaye pia ni mama yangu kwa jina,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kuku wazima, na masikio yangu yako vilevile, yaani hayapo. Ndiyo maana nakuandikia. Kakako Peterson alininunulia simu nyingine Krismasi, kubwa kama kitabu cha nyimbo, akanionyesha jinsi ya kutuma ujumbe mfupi. Nilifundisha Kiswahili miaka yote ile ili watoto wa watu wajue kuandika sentensi kamili. Sitaanza uzeeni kuandika vipande. Barua hii anakuletea Jerop, yule anayepeleka viazi Nakuru kila wiki, na jibu mpe yeye.

Habari kubwa unaijua kunishinda, maana imepitia mezani kwenu. Sirikwet sasa ni mji. Si kituo cha biashara tena, ni mji wenye bodi, meneja na hata kanjo, wale askari wa mji. Unakumbuka ramani ya kwanza iliishia mtoni, ikatuacha sisi wa Karima nje? Nadhani hawajakwambia ni nani aliyesimama mkutanoni amevaa koti la harusi ya kakako akasema hatutakubali kubaki watu wa mashambani huku taa za mji zikitupiga usoni. Nilisema mpaka wakachoka. Mpaka ukasogezwa juu, ukapita nyuma ya choo chetu. Wiki iliyopita wametusimamishia mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, na tangu siku hiyo jogoo wa jirani yetu Baba Odero anawika saa yoyote anayojisikia.

Swali dogo kabla sijafunga. Kuna rafiki yangu hapa anataka kujua, kwa vile sasa ni mji, kama mtu anaweza bado kuzikwa kwenye shamba lake. Si la haraka. Ukipata nafasi tu.

Baba yako,
Mwalimu Jamleck Muturi


Nakuru
21 Januari 2025

Baba mpendwa,

Jerop aliingia na barua yako pamoja na nusu gunia la viazi, akaliweka mlangoni pa ofisi na kuondoka. Mkuu wangu alidhani ni hongo. Ilibidi nimsomee sehemu ya jogoo ndipo akaamini ni baba.

Hongera kwa taa. Lakini mji ni taa na kanuni, na kanuni ndizo zinazotoka kwangu. Najua ukiulizwa nafanya kazi gani unasema "ako serikali," basi wacha nikueleze vizuri. Mji mpya ukitangazwa, ofisi yetu huuandikia sheria ndogo za kuanzia. Sisi tunaandika maneno, bodi ya mji ndiyo inayopitisha. Kwa hivyo kuanzia sasa ng'ombe wa Mama Becky asionekane barabarani, hakuna kujenga bila ramani iliyokubaliwa, na takataka hazichomwi karibu na nyumba ya mtu.

Kuhusu swali la rafiki yako, jibu ni hapana. Ndani ya mpaka wa mji hakuna kuzika kwenye kiwanja cha mtu. Makaburi ya umma yatakuwa upande wa kiwanda cha zamani cha pareto. Sababu ni maji. Viwanja vinagawanywa, visima vinachimbwa, na hakuna anayetaka kuteka maji chini ya kaburi la jirani. Kifungu hicho nilikiandika mimi. Kusema kweli nilikitoa kwenye kanuni za mji mwingine, nikabadilisha jina, nikaendelea na mambo ya maegesho. Sikumfikiria mtu yeyote.

Huyo rafiki ni Baba Odero, sivyo? Kile kikohozi cha vumbi la pareto kimerudi? Hajawahi kupumzika tangu kiwanda kifungwe. Usimwambie nimeuliza, utamtia aibu.

Wako,
Wangare


Karima
4 Februari 2025

Mama yangu Wangare,

Nimepokea. Umeniuliza na ukajijibu mwenyewe, na mimi si mtu wa kumkatiza mwanafunzi akiwa anaendelea vizuri. Rafiki yangu hapendi jina lake litajwe ofisini, kwa hivyo tuliache hapo.

Nilimsomea barua yako. Aliomba nimrudie kile kipande cha makaburi ya umma. Nikamrudia. Ungemwona alivyokaa. Si kwamba anajiona mkubwa kuliko watu wengine. Ila mtu huyu aliijenga nyumba yake kwa mikono yake, miti yote ya uani aliipanda yeye, na anapofikiria kwenda kulala kule kwenye kiwanda, kati ya watu asiowajua, moyo wake unakataa kabisa. Anasema angejua mpaka ukija unakuja na haya, asingeufurahia hivyo.

Sasa nieleze, polepole kama unayemwelezea mtoto mzito, kanuni ya mji hubadilishwa vipi? Unasema ulipoiandika hukumfikiria mtu yeyote. Sasa mfikirie mmoja.

Taa bado inawaka. Nimeanza kuvaa kofia kitandani.

Baba yako,
Mwalimu


Nakuru
18 Februari 2025

Baba,

Umenisumbua usingizi na hiyo "mfikirie mmoja." Nimemfikiria. Namwona Baba Odero akituletea samaki wa kukaushwa kila aliporudi kutoka kwao, na jinsi alivyonifundisha kuendesha baiskeli kwenye uwanja wa kiwanda, na nikamwangusha yeye badala ya kuanguka mimi. Basi sikiliza.

Wakazi ndio wanaoanza. Waende kwa bodi, waseme kanuni hii inatuumiza, tunaomba ifanywe hivi. Bodi ikikubali kuwasikiliza, inatuomba sisi tuandike kifungu. Kifungu kikirudi, bodi inapiga kura. Kuna jambo moja wanalolishika sana. Mtu yeyote wa bodi au wa ofisi, jambo likimgusa yeye au jamaa yake, lazima alitangaze, atoke chumbani, na asiguse tena karatasi hiyo. Mwaka jana meneja mzima wa mji fulani alipoteza kazi kwa kunyamaza tu kuhusu kiwanja cha shemeji yake. Bahati nzuri Baba Odero ni jirani, si jamaa, kwa hivyo kalamu yangu iko huru.

Nimeshaandika kifungu cha majaribio. Kinasema mzee aliyeishi kwenye kiwanja chake tangu kabla ya mji kutangazwa anaweza kuzikwa hapo kwa kibali cha bodi, mradi afisa wa afya aridhike kuhusu maji. Waambie watu wa Karima waende kwa bodi haraka. Baada ya Juni kitabu cha kanuni kinafungwa mpaka mwaka ujao.

Nimempa Jerop chupa ya asali na dawa ya kifua ampelekee Baba Odero. Na wewe, mbona mistari yako inashuka kulia? Ulikuwa ukitupiga kwa mistari ya namna hiyo.

Wangare


Nakuru
25 Machi 2025

Baba,

Hujajibu. Nimemuuliza Jerop mara mbili, na mara zote mbili akaanza kunihesabia magunia.

Wanyonyi, katibu wa bodi, amenipigia leo. Anasema watu wa Karima walifika wamevaa za Jumapili, Mama Becky akawasemea, na ombi limepokelewa. Nimefurahi sana. Lakini anasema wewe hukuwepo. Baba Odero alikuwepo, akazungumzia mashimo ya barabarani tu, hakusema lolote la makaburi, na hilo naelewa, mtu anaona haya kuombea kaburi lake mwenyewe. Wewe je? Kwa ajili ya mpaka ulisimama na koti la harusi. Kwa ajili ya rafiki yako umeshindwa kuvuka mto?

Nimekasirika kidogo, na nasema wazi. Pasaka nakuja.

Wangare


Karima
7 Aprili 2025

Wangare,

Siku ile nilikuwa na safari. Tena mguu ulikuwa unauma. Safari na mguu.

Pasaka usije, tunapaka nyumba rangi na harufu itakupandisha pumu. Nenda kwa Peterson, watoto wake wanakuulizia. Barua zangu zitakuwa fupi kwa sababu kalamu siku hizi hazina wino wa maana.

Niambie bodi inakaa lini kupiga kura. Na kifungu kile usikibadilishe, ni kizuri. Fanya kazi yako.

Baba yako


Karima
28 Aprili 2025

Wangare nyar Mwalimu, binti wa rafiki yangu,

Ni mimi Owino, Baba Odero. Salamu. Mimi siandikangi barua, hii ni ya kwanza tangu nitoke kiwanda, kwa hivyo usiangalie makosa.

Asali nilipata, nikakula na mkate, asante sana. Ile dawa ya kifua nimekurudishia na Jerop kwa sababu mimi sina kifua. Niko sawa. Juzi nimepasua kuni ya wiki mbili. Nimeshangaa kwa nini unanitumia dawa, nikamuuliza Mama Becky, akacheka, akasema wewe unanitafutia kaburi. Anasema hata katibu wa bodi anajua sheria ya kaburi ni ya Owino.

Mtoto wangu, nashukuru. Lakini umesahau mimi ni mtu wa wapi? Mimi ni mtu wa Ugenya. Sisi Wajaluo mtu akimaliza anarudishwa kwao, hata kama amekaa huku miaka yote. Mama Odero, Achola wangu, tulimpeleka na gari, na ni wewe ulibaki ukichunga kuku zetu mpaka tukarudi. Siku yangu ikifika nitaenda kulala karibu na yeye. Karima napenda sana, lakini ya kaburi hapana. Watu wangu watasema nimelaaniwa.

Sasa nikakaa chini nikafikiria. Kama hiyo sheria sio yangu, ni ya nani? Hapo nikaenda kwa Mwalimu nikamuuliza, nikamwandikia kwa karatasi vile unajua hasikii. Akaniambia ninyamaze. Akaniambia kwanza nianze kukohoa ukikuja. Mimi naweza kunyamaza kwa ajili ya rafiki. Lakini kuwa mgonjwa kwa niaba yake, hiyo nimekataa.

Mgonjwa ni Mwalimu mwenyewe. Ni tezi dume. Ni saratani, na imeingia kwa mifupa. Jerop ndiye humpeleka hospitali Nakuru na lori ya viazi, na wakipita karibu na ofisi yako Mwalimu anavuta kofia mpaka kwa macho. Nyumba haijapakwa rangi yoyote.

Usikuje na kelele. Hasikii lakini anaona mdomo.

Ni mimi,
Owino


Nakuru
6 Mei 2025

Baba,

Nimerudi salama. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi.

Jumamosi nilikuja nimejaa maneno, na nilipokukuta unachambua maharagwe, umekonda hivyo, shati likikuning'inia, yote yakanitoka. Asante kwa kukubali tuzungumze, mimi nikiandika kwenye daftari na wewe ukijibu kwa sauti mpaka Mama Becky akasimama uani kwake kutusikiliza vizuri. Nililia na ukajifanya unatafuta miwani. Yote sawa. Lakini kuna jambo ulilolisema ambalo nimelibeba mpaka huku. Nilikuandikia, kwa nini ulinificha? Ukaniambia, "Ukijua, utatoka chumbani. Nilitaka ubaki."

Kumbe ile barua yangu ya Februari, uliyoniomba nikuelezee kama mtoto mzito, ulikuwa unasoma sheria ili unikinge nayo. Ulienda hospitali kwa lori siku ile wenzako walipokwenda kwa bodi, ili jina lako lisisikike hata mara moja. Sijui nikukumbatie au nikushtaki.

Mimi nami nina langu. Hata mtoto wa Karima anajua Mjaluo wa rika la Baba Odero anarudishwa kwao. Mimi nililijua hilo, nimelijua tangu nikiwa na sketi ya shule. Nilimchagua yeye kwa sababu kichwa changu kilikataa kumchagua yule mwingine.

Sasa najua, Baba. Bodi inakaa tarehe ishirini. Kanuni haisemi "akijua mapema," inasema akijua. Nikitangaza, kifungu nilichoandika kitaondolewa, na wakiamua kuanza upya, kitabu kinaweza kufungwa Juni wakiwa bado. Nisipotangaza, kinapita tarehe hiyo. Nimeandika sentensi hizo mbili ili uone kwamba naziona zote mbili.

Kula. Peterson anakuja Jumapili, na safari hii usimkwepe kwa kumpeleka kuona kuku.

Wangare


Karima
10 Mei 2025

Mama yangu Wangare,

Naandika kwa mkono ulionyooka leo ili usiseme ni ugonjwa unaozungumza.

Nakuomba unyamaze mpaka tarehe ishirini. Sikuombi useme uongo. Nakuomba usiseme chochote, siku chache, kisha ukatangaze hata redioni ukitaka.

Wewe ulikuwa shule ya bweni mwaka ule wa ghasia tulipokimbia, huenda hukuelewa vizuri. Tulilala uwanjani Nakuru, na kila mtu alikuwa akisema anarudi kwao. Waliniuliza, Mwalimu, kwenu ni wapi? Baba yangu alikuja huku akiwa kibarua wa mzungu, hata sijui nyumba yao ya zamani ilikuwa upande gani wa Nyeri. Nikawaambia kwetu ni pale mke wangu amelala. Nilirudi Karima kwa sababu ya mama yako Gathoni. Nyumba ilikuwa imechomwa, kaburi lilikuwepo. Baba Odero alikuwa amelifyekea majani. Nilianza kujenga tena siku hiyohiyo.

Siogopi kufa, nimeshafundisha somo hilo kwa wengi kanisani. Naogopa kwenda kulala kule kiwandani naye akibaki huku peke yake, ndani ya mpaka niliouvuta mimi. Ndilo tu. Mimi niliyekuchapa kwa kusema uongo kuhusu sukari, ndiye ninayekuomba hivi, na naona aibu, na bado nakuomba.

Baba yako


Nakuru
13 Mei 2025

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Mji wa Sirikwet

Mheshimiwa,

KUH: KUTANGAZA MASLAHI

Kifungu kuhusu vibali vya kuzika ndani ya mpaka wa mji, kilicho mbele yenu kwa kikao cha tarehe 20 Mei, kiliandikwa na mimi. Nilipokiandika sikujua kwamba kinamgusa jamaa yangu. Sasa najua. Anaitwa Jamleck Muturi, mkazi wa Karima, ni baba yangu. Ni mgonjwa wa ugonjwa usiopona, na anataka kuzikwa kando ya mama yangu.

Kanuni inanitaka nieleze aina ya maslahi. Si mali. Shamba lile halitaniongezea kitu wala kunipunguzia. Maslahi yangu ni kwamba nampenda, na nataka apate anachokitaka. Nimeangalia fomu yenu na sikuona mahali pa kuandika maslahi ya namna hiyo, kwa hivyo nimeandika barua.

Wakazi wa Karima walioleta ombi hawakuagizwa na mimi. Bwana Owino, ambaye nilidhani ndiye mwenye haja, hakujua kwamba nilidhani hivyo. Makosa yoyote ya kifungu ni yangu peke yangu.

Kuanzia leo sitashughulikia faili hii, sitaizungumzia na mjumbe yeyote, wala sitahudhuria kikao. Kuna jambo moja ningependa kuliomba, lakini sina haki ya kuliomba, kwa hivyo siliombi.

Wangare Muturi


Sirikwet
27 Mei 2025

Bi. Wangare Muturi,

Barua yako ya tarehe 13 Mei ilisomwa mbele ya bodi. Bodi imeamua hivi: kifungu ulichoandika kimeondolewa. Faili imekabidhiwa afisa mwingine wa ofisi yenu, Bi. Valarie. Ombi la wakazi linaendelea, kwa kuwa ni la wakazi. Bodi itakaa Karima, ukumbi wa kanisa, Jumamosi tarehe 14 Juni, na kila mwenye haja atajisemea mwenyewe mbele ya watu. Kura itapigwa siku hiyo. Unaombwa usiwepo.

Wanyonyi, Katibu

Haya ya chini ni yangu mimi, kwa mkono. Mwalimu alinifundisha darasa la saba. Nililitangaza pia kwa mwenyekiti, nikasimama nitoke. Akaniambia niketi, nikitoka kwa hilo nusu ya mji itatoka nami.


Karima
16 Juni 2025

Mama yangu Wangare,

Najua umengoja. Nilikasirika. Niliandika barua kali, nikampa Jerop, kisha nikamfuata hadi barabarani na mguu huu wangu nikamwomba airudishe. Kwa hivyo hukupata kitu, na ulichokosa hakikuwa kizuri.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Nilivaa koti. Limekuwa kubwa, Peterson alinifunga pini kwa nyuma. Baba Odero alikaa nami akiniandikia kila kinachosemwa, na kwa sababu anaandika polepole, nilicheka mambo ya kuchekesha baada ya watu wote kunyamaza.

Mama Becky ndiye aliyesimama wa kwanza kupinga. Ndiyo, yeye yule aliyetusemea. Alisema ananipenda, ila kisima chake kiko chini ya mteremko na ana wajukuu wanaokunywa maji hayo. Alikuwa na haki, nami nikasema ana haki. Yule Valarie wenu, msichana makini, akauliza kama kaburi likiwa sehemu ya juu kabisa, pale alipolala mama yako, mbali na visima, na afisa wa afya akapime kwanza, ataridhika. Mama Becky akasema ndiyo, akiona kwa macho yake.

Kisha wakaniita. Nilikuwa nimeandaa hotuba, unanijua. Niliikunja. Nikawaambia, "Mimi ndiye niliyeuvuta mpaka huu mpaka hapa. Nilitaka taa. Sikufikiria kwamba na mke wangu namwingiza mjini." Nikabaki nimesimama na karatasi. Nikadhani wananisubiri, mpaka Baba Odero aliponivuta koti na kunigeuza. Mikono ilikuwa juu, Wangare. Ukumbi mzima. Hata Mama Becky, na hata wale watoto wa madirishani ambao hawana kura.

Bodi ikapitisha. Mwenye mume, mke au mzazi aliyekwisha kuzikwa kwenye kiwanja kabla ya mji kutangazwa anaweza kulala naye, kwa kibali. Ni chembamba kuliko kifungu chako, na kizuri zaidi. Chako kingemruhusu kila mtu, hata yule mchoyo wa bucha.

Ulifanya vyema. Ungeninyamazia, wangesema maisha yote kwamba Mwalimu alizikwa Karima kwa sababu ya binti yake. Sasa watu wenyewe ndio walionipa. Nimejivuna kwa ajili yako na nimemwambia kila mtu, kwa sauti ambayo nadhani ni ya kawaida. Njoo Jumamosi, sasa hakuna karatasi kati yetu, na ulale siku mbili. Nitataka tukae tu.

Leo asubuhi afisa wa afya amepima, Mama Becky akiangalia, kisha Wanyonyi ameniletea kibali nyumbani, kimepigwa muhuri. Kuna mahali pa tarehe ya kutumika. Kijana wa watu, alitazama chini, akaniandikia kwenye kiganja chake, Mwalimu, hapa niandike lini? Nikamwambia aache wazi, kwanza nina viazi vya kuvuna.

Baba yako,
Jamleck Muturi,
mkazi wa mji